Tathmini ya mahitaji ya mafunzo, taasisi ya watu 240: nianze na dodoso au na nini?

Afisa_Mafunzo

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaoijua vizuri kazi ya tathmini ya mahitaji ndani ya taasisi.

Taasisi ina watumishi 240 katika idara tano. Idara moja ina vituo vitatu vilivyo mbali na makao makuu. Menejimenti inataka ripoti ya mahitaji ya mafunzo ndani ya wiki sita ili iingie kwenye bajeti ya mwaka ujao. Utaratibu uliopo ni huu: kila mkuu wa idara analeta orodha ya kozi, utumishi wanazijumlisha, kisha zinakatwa mpaka zitoshe kwenye fungu lililopo. Kozi zinafanyika na vyeti vinatolewa, lakini malalamiko ya wateja kuhusu kucheleweshewa majibu ya maombi yako palepale, na fomu zinazidi kurudishwa kwa makosa yaleyale.

Rasimu ya dodoso ipo tayari, ina maswali 48, na swali kuu ni "Ungependa kupata mafunzo gani mwaka ujao?" Kabla ya kulisambaza naomba kujua:

1. Dodoso ndipo pa kuanzia kweli?
2. Niwaulize watu wangapi? Kuna kanuni ya kukokotoa sampuli, ila sijui kama inafaa kwa taasisi ndogo.
3. Majibu yakishafika, nayachakata vipi nipate vipaumbele na si orodha nyingine ndefu?
4. Nifanye nini watumishi waseme ukweli bila kuwaogopa wakubwa wao?

---

Mizani

Mkuu, liweke dodoso pembeni kwa wiki mbili za mwanzo. Swali la "ungependa mafunzo gani" linaleta matamanio. Mtu atataja kozi aliyosikia mwenzake amekwenda, au ile yenye safari, au ile itakayompandisha cheo. Hana kosa, amejibu ulichomuuliza. Na ukishamuuliza hivyo umempa ahadi: bajeti ikitoka bila kozi aliyoitaja, tathmini ijayo hatajibu.

Hitaji ni pengo kati ya matokeo yanayotakiwa na matokeo yanayopatikana sasa, na pande zote mbili ziwe na kipimo. "Watumishi wa mapokezi wanahitaji mafunzo ya huduma kwa wateja" ni suluhisho lililokuja kabla ya tatizo kujulikana. "Maombi yanatakiwa kujibiwa ndani ya siku 7 za kazi, kwa sasa yanachukua wastani wa siku 19": hapo una hitaji, unajua ukubwa wake, na mwakani utaweza kupima kama limepungua. Kila mtu akikuletea jina la kozi, mrudishe nyuma kwa swali moja: "Kozi hiyo ikifanikiwa, ni kitu gani kazini kitabadilika, nasi tutakionaje?" Akishindwa kujibu, usiiandike kama hitaji.

Kabla ya yote andika hadidu za rejea za ukurasa mmoja, zisainiwe na mkuu wa taasisi. Zitaje uamuzi utakaofanywa kwa ripoti hii, nani atakayeufanya, tarehe ya mwisho, idara zinazohusika, na nyaraka utakazoruhusiwa kuziona. Na kuna sentensi moja usikubali ikatwe: "Tathmini inaweza kupendekeza hatua zisizo za mafunzo." Bila hiyo utafika wiki ya tano ukiwa na ushahidi kwamba tatizo ni fomu mbovu au mlolongo wa saini, halafu uambiwe kazi yako ilikuwa kuleta kozi tu.

Wiki ya kwanza soma kilichokwisha andikwa. Malengo ya kila idara na takwimu za utekelezaji za miezi 12 iliyopita. Rejista ya malalamiko. Ripoti za ukaguzi wa ndani, hasa hoja zinazojirudia mwaka hadi mwaka. Fomu za upimaji wa utendaji (zisome kwa tahadhari, kwa kuwa alama za huko mara nyingi huwa za kuridhishana). Maelezo ya kazi. Kisha jambo linalosahaulika sana: mambo mapya yatakayoanza mwakani, kama mfumo mpya wa kompyuta, sheria mpya, huduma mpya, au watu wanaokaribia kustaafu wakiwa wao peke yao wanaoijua kazi fulani. Mapengo hayo bado hayajatokea, kwa hiyo hakuna malalamiko yatakayokuonyesha.

Kwa tatizo lako la ucheleweshaji usimuulize mtu yeyote kwanza. Chukua mafaili 50 ya maombi yaliyofungwa ndani ya miezi mitatu iliyopita. Kama yako 1,200, chukua moja katika kila 24, usichague yaliyo juu ya rundo. Kwa kila faili andika tarehe tano: lilipopokelewa, lilipogawiwa kwa mhusika, mhusika alipolimaliza, lilipoidhinishwa, na jibu lilipotumwa. Kisha tafuta siku zinazopotea kati ya hatua na hatua. Ukikuta siku 11 kati ya 19 zinaishia kwenye kusubiri idhini, hakuna kozi ya watu wa dawati itakayozirudisha. Kazi hiyo inachukua siku mbili kwa watu wawili, na inakupa kitu ambacho dodoso la maswali 48 haliwezi kukupa.

Uchunguzi wenyewe uende kwa ngazi tatu, kama wataalamu wa mafunzo kazini McGehee na Thayer walivyozipanga mwaka 1961: taasisi, kazi, mtu. Ngazi ya taasisi inakuonyesha wapi matokeo yanapwaya na kama mazingira yataruhusu mtu atumie alichojifunza. Ngazi ya kazi inakuonyesha jukumu linavyotakiwa kufanywa na kwa kiwango gani. Ngazi ya mtu inakuonyesha nani ana pengo na nani hana. Utaratibu wenu wa sasa unarukia ngazi ya tatu moja kwa moja, tena kwa kukisia.

Mgawanyo wa muda unaoweza kutekelezeka: wiki ya 1 hadidu na nyaraka; wiki ya 2 mahojiano na wakuu wa idara na wasimamizi; wiki ya 3 vikundi vya majadiliano na kujaribisha dodoso; wiki ya 4 dodoso likiwa mikononi mwa watu huku ukichambua mahojiano; wiki ya 5 uchambuzi na kutafuta vyanzo; wiki ya 6 kikao cha uthibitisho na ripoti. Kagua kalenda: dodoso lisiangukie wiki ya kufunga hesabu wala ya ukaguzi. Idara ya fedha haitajibu, na ripoti yako itakuwa na tundu hapo.

---

Bi_Takwimu

Nijibu swali la 2 na la 3, maana hapa ndipo namba huharibika.

Kanuni unayoisema ni n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni sampuli, N ni watu wote na e ni kosa unalolikubali. Kwa watu 240 na kosa la asilimia 5: 240 × 0.0025 = 0.6, 240 ÷ 1.6 = 150. Inaonekana umeokoa watu 90. Lakini si wote 150 watakaojibu. Ukitarajia asilimia 70 warudishe, inabidi usambaze 150 ÷ 0.7, yaani kama 214. Kwa tofauti hiyo ndogo, wape wote 240. Utaepuka pia minong'ono ya "kwa nini yeye ameulizwa mimi sijaulizwa". Zaidi ya hayo, 150 ni kwa ajili ya taasisi nzima. Ukitaka kusema lolote kuhusu idara yenye watu 18, sampuli ya 11 haikubebi: mtu mmoja akibadili jibu, asilimia inasogea kwa 9. Idara ndogo waulizwe wote, kila mara.

Sasa dodoso lenyewe. Maswali 48 ni mengi. Lenga dakika 15, yaani takribani vipengele 20 hadi 25 vya kupimwa, maswali mawili ya wazi, na matatu ya utambulisho. Vipengele vitoke kwenye wiki zako mbili za nyaraka na mahojiano, si kichwani. Na viwe vitendo vya kazi vinavyoonekana. "Mawasiliano" si kipengele. "Kuandika barua ya kumjulisha mwombaji nyaraka zilizopungua" ni kipengele.

Kila kipengele kipimwe mara mbili kwa mizani ya 1 hadi 5: (a) kina umuhimu gani katika kazi yako, (b) kwa sasa unakifanya vizuri kiasi gani. Mpe msimamizi dodoso lilelile ajibu kuhusu timu yake kwa ujumla, asijaze kwa majina. Uchambuzi ni rahisi: pengo = umuhimu − uwezo, kisha zidisha pengo kwa umuhimu. Kipengele chenye umuhimu 4.6 na uwezo 3.1 kina pengo 1.5, na uzito wake ni 6.9. Kingine chenye umuhimu 3.0 na uwezo 1.5 kina pengo lilelile la 1.5, lakini uzito ni 4.5. Ukipanga kwa pengo tupu vinalingana. Ukipanga kwa uzito, cha kwanza kinatangulia, na ndivyo inavyostahili.

Mambo manne ya kuangalia kwenye majibu:

Wastani unaficha. Wastani wa 3 unaweza kuwa watu wote wamejibu 3, au nusu wamejibu 1 na nusu 5. Hali ya pili ina maana wajuzi mnao ndani, na wanaweza kuwafundisha wenzao bila kuajiri mkufunzi wa nje. Kwa hiyo kando ya wastani onyesha daima idadi ya waliojibu 1 na 2.

Umuhimu hupanda wote. Watu wengi hutoa 4 au 5 kwa kila kitu. Dawa yake ni kuongeza swali moja mwishoni: "Kati ya vipengele hivi, chagua vitano unavyovifanya mara nyingi zaidi."

Anayejua kidogo hujipa alama kubwa, kwa sababu hajui kiasi asichokijua. Ndiyo maana unahitaji alama za msimamizi na takwimu za kazi zenyewe. Pande hizo zikitofautiana kwa zaidi ya alama 1, usichukue wastani wa pande mbili. Nenda ukaangalie kazi.

Maswali pacha. "Je, unapata maelekezo na vifaa vya kutosha?" ni maswali mawili. Mwenye maelekezo lakini hana kompyuta atajibu nini? Yagawe. Jaribisha dodoso kwa watu 5 hadi 8 wa kada tofauti, kaa nao wakijaza, na kila wanapouliza "hapa unamaanisha nini?", andika upya swali hilo.

Kuhusu usiri: ukiuliza idara, jinsia, umri, cheo na miaka kazini, katika idara ya watu 18 umeshamjua mtu bila jina. Chukua idara na ngazi ya kazi tu. Usitoe takwimu za kundi lenye watu chini ya 5, liunganishe na kundi jingine. Madodoso ya karatasi yarudi katika bahasha zilizofungwa moja kwa moja kwako, yasipitie kwa mkuu wa idara wala kwa katibu muhtasi wake. Na usiwaambie watu kwamba majibu hayana majina huku fomu ya mtandaoni inachukua anwani zao za barua pepe. Kagua mpangilio huo kabla ya kutuma.

---

Kisima

Nakubaliana na waliotangulia, ila mmeyapita mahojiano haraka. Dodoso linakuonyesha pengo liko wapi na ni kubwa kiasi gani. Sababu yake utaipata kwa kuzungumza na watu na kwa kuwaangalia wakifanya kazi.

Kwa taasisi hii mahojiano 12 hadi 15 yanatosha: wakuu wa idara watano, wasimamizi watano au sita, na watu wachache wanaopokea kazi kutoka idara nyingine. Hao wa mwisho ni muhimu, kwa maana anayepokea faili lililojazwa vibaya anajua makosa kuliko aliyelijaza. Dakika 45 kwa mtu. Muende wawili, mmoja aulize na mwingine aandike. Usianze na mafunzo hata kidogo. Mwambie: "Fikiria kazi moja ya miezi mitatu iliyopita iliyokwama au iliyorudishwa. Ilikuwaje, hatua kwa hatua?" Kisha aeleze nyingine iliyokwenda vizuri. Njia hii ya matukio mahsusi ilielezwa na mwanasaikolojia Flanagan mwaka 1954, na bado inashinda swali la "changamoto zenu ni zipi", ambalo huleta nyimbo zilezile za uhaba wa vitendea kazi na motisha.

Vikundi vya majadiliano viwe na watu 6 hadi 8, dakika 90, na wasimamizi wakae kwenye kikundi chao peke yao. Mkubwa akiwepo chumbani, hata akinyamaza, kikundi kinamwangalia yeye kabla ya kujibu. Waanze kwa kuandika kimyakimya mawazo yao kwenye kadi kwa dakika 10, ndipo kila mmoja asome moja kwa zamu. Bila hivyo utaandika maoni ya wasemaji wawili na kuyaita ya kikundi.

Ukishapata pengo, uliza sababu kwa mpangilio. Thomas Gilbert, mtaalamu wa utendaji kazini, alizipanga sababu hizo katika makundi sita mwaka 1978, na mimi huyatumia kama maswali:

- Mhusika anajua anachotarajiwa kutoa, kwa kiwango gani, na anaambiwa anapokosea?
- Ana zana, fomu, muda na utaratibu unaomwezesha?
- Akifanya vizuri kuna faida, na akifanya vibaya kuna matokeo? Au anayemaliza haraka ndiye anayeongezewa mafaili ya wenzake?
- Ana ujuzi na maarifa?
- Kazi inamfaa, na yeye anaimudu?
- Anaitaka kazi yenyewe?

Matatu ya kwanza yako nje ya mtu, kwenye mazingira ya kazi. Yaanze hayo, kwa kuwa ndiyo yenye gharama ndogo kuyarekebisha na ndiyo yenye kasoro mara nyingi. Mafunzo yanatibu kundi la nne pekee. Kipimo cha haraka: mhusika amewahi kuifanya kazi hiyo sawasawa? Kama aliwahi, na anaifanya sawasawa akisimamiwa, ujuzi anao. Tafuta kwingine.

Chukua fomu zenu zinazorudishwa. Keti na fomu 60 zilizorudishwa, hesabu kosa gani limejitokeza mara ngapi. Tuseme 34 zimekosea sehemu ileile. Makosa yakiganda mahali pamoja kwa watu tofauti, shuku fomu au maelekezo. Yakitawanyika kila mahali lakini yanatoka kwa watu walewale watatu, hapo shuku ujuzi, na watatu hao wanahitaji mtu wa kukaa nao mezani kwa siku mbili, si semina ya watu 40. Kisha pima uzito wake kwa saa: fomu 60 kwa mwezi, kila moja ikichukua dakika 40 kusahihishwa na kurudi tena kwenye foleni, ni dakika 2,400, yaani saa 40. Wiki nzima ya kazi ya mtu mmoja, kila mwezi. Namba hiyo menejimenti wataielewa kuliko uzito wa 6.9.

---

Afisa_Mafunzo

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Dodoso nimeshalirudisha kwenye rasimu. Naomba niongeze mawili. Kwanza, mkuu wa idara moja ameshasema wazi kwamba watu wake wote 52 wapelekwe kozi ya kompyuta na hataki mjadala. Nishughulike naye vipi bila kuvunja uhusiano? Pili, wale wa vituo vya mbali: mtandao wao unasumbua na wanajiona wametengwa. Nitawafikiaje ndani ya wiki sita?

---

Mizani

Kwa mkuu wa idara, usibishane na kozi. Mwombe akusaidie kuipa nguvu: "Ili ombi lako lisikatwe kwenye bajeti, nahitaji kuonyesha ni kazi zipi zinazokwama kwa sababu hii." Orodhesheni pamoja kazi za kompyuta zinazofanywa kwenye idara yake, kisha kila kazi ipewe alama kwa ugumu, umuhimu na marudio. Kazi ngumu, muhimu na ya kila siku, hiyo ina haki ya kozi. Kazi ngumu na muhimu lakini inafanyika mara mbili kwa mwaka, kozi itasahaulika kabla haijatumika. Hiyo inataka ukurasa mmoja wa hatua uliobandikwa mahali pa kazi. Kazi rahisi, iache. Halafu pendekeza jaribio la vitendo la dakika 20: watu watengeneze jedwali halisi wanalolitumia kila mwezi. Mara nyingi 52 hushuka na kubaki kundi dogo lenye pengo la kweli, na mkuu wa idara anabaki na hoja imara kuliko aliyokuja nayo. Majina ya waliofanya vibaya yasimfikie kama orodha ya lawama. Mkubaliane hilo kabla ya jaribio, si baada yake.

---

Posta_Kavu

Vituo vya mbali: nenda kimoja mwenyewe, siku mbili kamili. Chagua kile chenye matokeo mabaya zaidi, si kilicho karibu. Siku ya kwanza kaa uangalie kazi inavyokwenda, ya pili fanya mahojiano na kikundi. Vingine viwili fanya kwa simu, mtu mmoja mmoja, dakika 30, na madodoso yapelekwe kwa karatasi pamoja na bahasha za kurudishia. Anza kutuma huko siku tano kabla ya makao makuu, muda wa kwenda na kurudi usije ukala wiki yako ya nne.

Halafu tenga matokeo yao kwenye jedwali lao. Ukiwachanganya na makao makuu, watu wa vituoni, tuseme 30, wanamezwa na 210, na pengo lao halionekani tena. Tazama pia kama utaratibu ulioandikwa unawezekana huko. Kama mwongozo unasema faili lipitishwe na mtu ambaye kituoni hayupo, watumishi wameshabuni njia yao wenyewe. Iandike kama ilivyo. Yawezekana ndiyo bora.

---

Bi_Takwimu

Jambo moja kabla hujaanza kuandika ripoti. Weka kanuni mapema kwamba pengo haliingii kwenye orodha mpaka lithibitishwe na vyanzo viwili vya aina tofauti. Dodoso na kikundi cha majadiliano vyote ni maneno ya watu, hiyo ni aina moja. Dodoso na mafaili, hapo sawa. Utashangaa ni mapengo mangapi yanayoanguka kwenye chujio hilo, na yanayobaki hakuna atakayeyatikisa kikaoni.

---

Mizani

Namalizia swali la 3, vipaumbele na ripoti.

Mahitaji ya lazima, yaani ya kisheria na ya usalama wa watu, yatoe kabisa kwenye ushindani. Hayo yanafanyika. Yaliyobaki yapewe alama 1 hadi 5 kwa vigezo vyenye uzito mliokubaliana na menejimenti mapema, wiki ya 1, kabla mtu hajajua pengo la nani limeshinda. Uzito unaofaa kuanzia, kwa jumla ya 100: athari kwa matokeo 40, idadi ya watu au marudio ya tatizo 25, uharaka 20, uwezekano wa kulitatua kwa rasilimali zilizopo 15. Ukiupanga uzito baada ya matokeo, kila mkuu wa idara atavuta upande wake.

Kikao cha uthibitisho kiwe cha saa mbili na wakuu wa idara wote. Wapelekee jedwali siku mbili kabla. Mapengo na ushahidi vijadiliwe kwanza mpaka viishe, suluhisho baadaye. Anayepinga pengo alete takwimu nyingine, na akizileta, badilisha. Lakini matokeo ya idara yake mkuu wa idara ayaone faraghani kwanza. Mtu asiyetahayarishwa mbele ya wenzake hukubali kasoro mapema zaidi.

Ripoti isizidi kurasa 12 hadi 15, maelezo ya mbinu yaende kwenye viambatisho. Ukurasa wa kwanza uwe na maamuzi yanayoombwa. Moyo wa ripoti ni jedwali moja: pengo, ushahidi, chanzo, hatua inayopendekezwa, mhusika, tarehe, na kipimo cha sasa. Safu ya mwisho ndiyo huachwa, na ikiachwa hamtajua kama fedha ilifanya kazi. Kama leo ni siku 19, andika 19, na uandike tarehe ya kupima tena, kati ya miezi mitatu na sita baada ya hatua kutekelezwa, kwa njia ileile ya mafaili 50.

Kwa kila kozi inayobaki kwenye jedwali, ongeza mstari mmoja unaosema msimamizi atampa mhitimu kazi gani ndani ya wiki mbili za kurudi. Msimamizi akishindwa kuitaja, nafasi hiyo apewe mwingine.

Na watumishi wote 240 wapate muhtasari wa ukurasa mmoja: tulichokikuta, kitakachofanyika, kisichofanyika mwaka huu na sababu yake. Utoke ndani ya wiki mbili baada ya menejimenti kuamua, na vituoni upelekwe kwa karatasi.

---

Afisa_Mafunzo

Nimepata pa kushika, Mungu awabariki. Kesho naanza na hadidu za rejea na kuomba ruhusa ya kuyaona mafaili. Nikishakuwa na tarehe tano za yale mafaili 50, nitaziweka hapa bila majina ili mnisaidie kuzisoma.

---

Kisima

Ziweke. Ila kwenye jedwali lako ongeza safu ya sita: mara ngapi faili lilirudishwa nyuma hatua moja kabla ya kusonga. Kwa tarehe peke yake, faili lililosubiri siku 11 mezani na lililozungushwa mara tatu ndani ya siku 11 yanafanana, na tiba zake ni tofauti kabisa.